Katika Mkutano wa Hekima, Mzee Wetu Aliombwa Dua Tu

Wasomaji wangu, leo naomba ruhusa yenu niziweke kando habari za nyimbo, ngoma na mashairi, nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa mwambao tunadhani halituhusu hata chembe. Jambo lenyewe ni mikutano ya falsafa, ile ambayo idara za vyuo vikuu huiandaa ili wasomi wasomeane makala na kuhojiana. Najua wako watakaosema, "Falsafa na sisi wapi na wapi?" Hao nawaomba wanivumilie mpaka mwisho, kwani nina deni la marehemu shingoni, na deni la marehemu halifai kulazwa.

Miaka michache iliyopita, kaskazi ikielekea ukingoni, mzee mmoja wa Msambweni aliletewa barua. Mzee huyo alikuwa maalim wa chuo. Alisomesha watoto wa mtaa ule Kurani kwa zaidi ya miaka arubaini, na jioni, baada ya sala ya alasiri, alikuwa akikaa barazani kwake na watu wakimjia kwa mambo ya ndoa, ya mipaka ya mashamba na ya mirathi. Barua ilisema kwamba idara ya falsafa ya chuo kikuu kimoja itafanya mkutano wa siku tatu katika hoteli moja ya Diani, na kwamba mazungumzo yatakuwa juu ya haki. Ikamwomba Maalim afike kuufungua mkutano kwa dua. Idara hiyo siitaji, wala hoteli siitaji. Sikukusudia kumwaibisha mtu. Wenyeji wale walikuwa watu wa adabu, na walilolifanya hulifanya wengine wengi bila ya kuwa na nia mbaya.

Maalim hakujua Kiingereza, kwa hivyo aliniita nimsomee. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu: "Watasema nini juu ya haki?" Nikamjibu kuwa sijui, ila kila mmoja atakuja na karatasi yake aliyoiandika. Akaitikia kwa kichwa. Siku tatu zilizofuata, kila nilipopita barazani kwake nilimkuta na kitabu mapajani, na mara mbili aliniuliza kama watu watampa nafasi ya kuuliza. Mzee alidhani ameitwa mkutanoni. Mimi nilijua kwamba ameitiwa dua, lakini sikuwa na moyo wa kumwambia. Kosa hilo ni langu, na silitupi kwa mwingine.

Tulipanda matatu asubuhi mapema, tukapita Gazi, tukashuka Ukunda, kisha tukaelekea pwani kwenye mahoteli. Mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza vibandiko vya majina vyenye kamba za kuvaa shingoni. Jina la Maalim halikuwamo. Nikaomba kalamu nikaliandika kwa mkono juu ya kipande cha karatasi, akalivaa. Akaomba dua yake, fupi na nzuri, wakaitikia amina hata wasiokuwa Waislamu, akashukuriwa kwa Kiingereza na kuonyeshwa kiti cha mbele. Kisha mkutano ukaanza, na tangu hapo hakuna aliyemsemesha.

Mimi nikawa namfasiria kwa sauti ya chini. Mhadhiri wa kwanza alisoma makala ndefu juu ya wale waliosema zamani kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Maalim akasikiliza kwa makini sana. Kisha akaniinamia akasema, "Mwanangu, muulize hivi. Kama haki ni kumpa mtu chake, hicho chake kilianzaje kuwa chake? Maana tukianza kugawa kabla ya kulijibu hilo, huenda tukawa tunamrudishia mwizi kwa uadilifu mkubwa."

Nikainua mkono. Mwenyekiti akatazama saa, akasema muda wa kikao umekwisha, na wenye maswali wamwone msomaji wa makala wakati wa chai. Wakati wa chai msomaji wa makala alikuwa amezungukwa na wenzake, na baada ya chai alikuwa safarini kuelekea kiwanja cha ndege cha Ukunda. Maalim akanywa chai yake, akapewa bahasha ya nauli, tukarudi. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika Gazi, akasema, "Chai yao nzuri." Mwaka uliofuata, kabla ya Ramadhani, Mwenyezi Mungu alimchukua. Swali lake halikuandikwa popote. Leo naliandika hapa.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Kwanza lazima niwaeleze wasiojua jinsi mikutano hii inavyokwenda, kwani hatuwezi kulaumu tusilolielewa. Idara hutoa wito miezi kadhaa kabla: tutazungumza juu ya jambo fulani, mwenye neno na atuletee muhtasari. Muhtasari huo ni ukurasa mmoja au nusu. Wakubwa wa idara wakaichagua inayofaa, na mwenyewe akaandika makala kamili. Siku ikifika kila mmoja hupewa muda wa kusoma, aghalabu dakika ishirini, na baada yake dakika kumi za maswali. Huenda akawekwa mtu maalumu ambaye kazi yake ni kuipinga ile makala au kuonyesha ilipo na udhaifu. Warsha ni ndogo zaidi: watu wachache, siku moja au mbili, na makala hupelekwa mapema ili kila mtu aje akiwa amekwisha kuzisoma. Mwisho wa yote makala hutengenezwa upya kwa kufuata maswali yaliyoulizwa, zikachapishwa kitabu. Hicho kitabu ndicho matunda ya mkutano. Aliyekuwamo ndani yake, neno lake linabaki. Asiyekuwamo, neno lake limekwenda na upepo.

Ukiyatazama hayo kwa utulivu utaona kwamba si mambo mageni kwetu. Neno lenyewe falsafa lilitufikia kwa Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani. Wanavyuoni wa Kiislamu walikuwa na munadhara, yaani mjadala wenye kanuni zake: yuko muulizaji na yuko mjibu, kila mmoja ana mipaka yake, na vilitungwa vitabu vizima vya kufundisha adabu za kuhojiana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye Ihya yake inajulikana katika darsa zetu, aliwapinga wanafalsafa katika mambo 20. Lakini kabla ya kuwapinga aliyasoma maneno yao, na akayaeleza katika kitabu peke yake, Maqasid al-Falasifa, hata msomaji akaweza kumdhania kuwa ni mmoja wao. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, akaja akamjibu Ghazali nukta kwa nukta. Wawili hawa hawakupata kuonana, kwani Ghazali alikufa kabla ya mwenzake kuzaliwa. Hata hivyo mkutano wao unaendelea mpaka leo, kwa sababu uliandikwa.

Basi anayesema kwamba falsafa ni mambo ya makafiri na Muislamu hana haja nayo, anasema jambo ambalo Ghazali mwenyewe hakulisema kwa wepesi namna hiyo. Na anayesema kwamba falsafa ni mambo ya chuo kikuu na mzee wa Msambweni hana fungu ndani yake, naye amekosea, na kosa lake ndilo linaloniuma zaidi.

Katika Kenya yetu kosa hilo lilikwisha kusahihishwa zamani na mtu wa chuo kikuu mwenyewe. Profesa Henry Odera Oruka alizaliwa Nyanza mwaka 1944, akasoma Uppsala nchini Uswidi na baadaye Marekani, akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati ule wako waliodai, Wazungu na hata Waafrika, kwamba Mwafrika ana mila na methali za ukoo mzima, lakini hana mtu mmoja mmoja anayeketi akafikiri na kuipima mila hiyo. Falsafa, walisema, yataka maandishi. Oruka hakuridhika. Katika miaka ya 1970 yeye na wanafunzi wake wakaanza kwenda vijijini kuwatafuta wazee wenye sifa ya hekima, wakawauliza maswali mazito: Mungu ni nani? Uhuru ni nini? Je, mwanamume na mwanamke ni sawa? Kifo ni nini? Wakarekodi majibu. Miongoni mwa wazee hao alikuwamo baba yake mwenyewe, Mzee Oruka Rang'inya.

Julai mwaka 1978, mjini Accra, ulifanywa mkutano wa kumkumbuka Anton Wilhelm Amo, mwana wa Ghana aliyefundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Ujerumani katika karne ya 18. Hapo Oruka alisoma makala akieleza mikondo minne ya falsafa ya Afrika, na mmoja wapo ukawa huu wa wazee wenye hekima. Mwaka 1990 kikatoka kitabu chake, Sage Philosophy, chenye mazungumzo na wazee hao kwa majina yao. Mwaka 1991, mwezi wa Julai, ukafanywa Nairobi mkutano wa dunia wa falsafa juu ya binadamu na mazingira yake, naye akiwa ndiye kiongozi wa maandalizi. Akafariki Desemba mwaka 1995 baada ya kugongwa na gari Nairobi, angali na kazi nyingi mbele yake.

Nawaomba wasomaji walizingatie jambo moja katika kazi ya bwana huyu. Hakusema kwamba kila mzee ni mwanafalsafa. Aliwagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wazee wanaoijua mila barabara na kuikariri kama walivyoipokea. Fungu la pili ni la wale wanaoijua mila hiyo, kisha wakaipima kwa akili zao, wakakubali hapa na kukataa pale, na wakatoa sababu. Ili kumjua huyu na yule alikuwa lazima mzee aulizwe, apingwe, na aulizwe tena. Kwa hiyo heshima aliyowapa wazee ilikuwa heshima ya kuwahoji. Kumwomba mzee dua na kumkalisha mbele kama ua la mezani ni adabu, sawa, lakini adabu hiyo haimpi nafasi ya kutumia akili yake.

Kitabu cha Oruka kina wazee wa Ziwa Victoria, wa nchi za magharibi na wa pande za Mlima Kenya. Sisi wa pwani ya kusini tuko wapi? Wadigo wako wapi, Waduruma wako wapi, watu wa Vumba na Wasini wako wapi? Silaumu, mtu mmoja hawezi kuizunguka nchi nzima. Lakini ni miaka mingi sasa tangu afe, na pengo hilo lingali wazi.

Mvita kwa wenzetu mambo ni afadhali kidogo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alianzisha gazeti lake Sahifa mwaka 1930 na baadaye al-Islah mwaka 1932, akawahoji watu wake kwa Kiswahili chao juu ya elimu, juu ya kuiga wageni, juu ya sababu za kurudi nyuma kwao. Hata leo ukiyasoma makala yale utamwona mtu anayetoa hoja na kutaka hoja. Na mwaka 2007 mtafiti wa Kijerumani, Kai Kresse, alitoa kitabu kizima juu ya kufikiri falsafa katika Mombasa. Alikaa mitaani, akahudhuria mabaraza, akawasikiliza marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo na marehemu Sheikh Abdilahi Nassir, akawaandika kama wanafikra wenye majina na hoja zao. Hilo ni jema, na tunamshukuru. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na wajukuu wa hao walioandikwa ndani yake, walio wengi, hawajakitia machoni.

Sasa nije kwetu Kwale. Je, tunayo ya kuzungumza, au ninajisifu tu kwa sababu ni kwetu? Nitatoa mifano miwili, na msomaji ahukumu.

Wa kwanza ni mirathi. Wazee wa Kidigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu akifa, mali yake ilikwenda kwa wapwa zake, yaani wana wa dada yake, na si kwa wanawe wa kuwazaa. Uislamu ulipoenea ulikuja na faraidh, ambayo fungu la mwana imelitaja waziwazi. Hapo ndipo ugomvi ulipoingia majumbani: mpwa akidai kwa ada, mwana akidai kwa sheria, na kila mmoja akisema anataka haki. Kesi hizo zilifika kwa makadhi, zikafika kwa mabaraza ya wazee, zikafika kwa mabwana shauri wa Kiingereza waliokuwa hawajui pa kuzishika. Kwa Muislamu hukumu ya Mwenyezi Mungu haina mjadala. Lakini mzee aliyekaa baina ya mwana na mpwa, na kaburi la baba bado bichi, alilazimika kufikiri mambo mengi: ni kipi hasa kilichokuwa mali ya marehemu, na kipi kilikuwa amana ya ukoo mikononi mwake? Shamba lililolimwa na mpwa miaka ishirini ni la nani? Je, marehemu angeweza kumpa hiba mpwa wake angali hai? Haya ndiyo maswali aliyoyazoea Maalim wetu barazani, na ndiyo maana aliposikia maneno "chake" na "kila mtu" masikio yake yalisimama. Swali lake halikuwa la kuokoteza. Lilikuwa limepikwa kwa miaka arubaini.

Hata huko bara walikwisha kuona kwamba mambo ya namna hii yanawahusu wanafalsafa. Mwaka 1987 kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno iliitikisa Kenya nzima, mjane akitaka kumzika mumewe Ngong, karibu na Nairobi, na ukoo ukitaka kumrudisha Siaya. Odera Oruka huyohuyo aliitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya mila za Waluo. Mtu aweza kukubali au kukataa aliyoyasema. Lakini siku ile falsafa ilitoka chumba cha darasa ikasimama mbele ya jaji, juu ya maiti ya mtu.

Mfano wa pili ni kaya. Kaya Kinondo iko hapo hapo Diani, si mbali na mahoteli. Anayeingia hufungwa shuka jeusi, na haruhusiwi kukata hata kijiti. Kaya za Wamijikenda zilianza kutangazwa na serikali kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 Umoja wa Mataifa, kwa shirika lake la UNESCO, ukaziingiza baadhi yake, na Kinondo miongoni mwao, katika urithi wa dunia. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na wako mashekhe wanaosema kwamba mambo ya kaya yana ushirikina ndani yake na yaachwe. Wako wengine wasemao kwamba kuuhifadhi msitu ni amana ya Mola, na kwamba mwenye kusali sala tano aweza kuuheshimu msitu wa babu zake bila ya kumwabudu yeyote ila Mungu. Hapa pana swali kubwa: jambo jema lililolindwa kwa itikadi tuliyoiacha, tulilinde sasa kwa sababu gani? Wakati wasomi wa dunia walipokutana Nairobi mwaka 1991 kuzungumza juu ya binadamu na mazingira, watu wa Kinondo walikuwa wamekwisha kukaa na swali hilo vizazi kadhaa.

Nani basi aliyewafungia mlango? Nitasema waziwazi: wa kwanza ni lugha. Juni mwaka 1962 Makerere iliwaita waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, aliingia. Shaaban Robert, baba wa maandishi ya Kiswahili, hakuwa na mlango wa kuingilia, kwa kuwa aliandika lugha ya kwao. Na mwezi huohuo akafariki. Ngugi mwenyewe aliliandika jambo hilo kwa majuto mwaka 1986. Tangu hapo yamepita zaidi ya miaka sitini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Kwa nini basi mtu aje Diani azungumze haki kwa siku tatu, na lugha ya wenye nchi isikike katika dua na katika kuagiza chai tu?

Ataniambia mwenye kunijibu kwamba falsafa ina maneno mazito ambayo Kiswahili hakina. Jawabu langu ni kwamba Maalim alitumia neno "chake", lenye herufi tano, akaitia makala nzima mashakani. Na palipo na upungufu wa istilahi, Ustadh Nabhany alionyesha njia: alitumia umri wake kuyachimbua maneno ya kale ya mwambao ili yaitwe kwayo mambo mapya. Maneno hupatikana yakitafutwa, na hutafutwa yakihitajiwa.

Lakini haingekuwa insafu nikawashika wageni peke yao na kutuachia sisi tupite. Baraza letu nalo lina kasoro zake. La kwanza, hatuulizi. Kijana akimpinga mzee barazani huambiwa hana adabu, na mzee asiyepingwa hatimaye hukariri tu. Mhadhiri yule wa Diani, kwa kosa lake lote, alikuja na hoja zake waziwazi ili zipigwe. Wangapi katika mabaraza yetu huthubutu hivyo? La pili, mama zetu hawamo. Bibi aliyezalisha nusu ya kijiji, akawazika watoto wake watatu, akawasuluhisha wakeza wawili kwa miaka, ana la kusema juu ya uhai, subira na haki ambalo sisi wanywaji kahawa hatulijui. Yuko ukumbini ndani, nasi tuko nje, na hakuna aliyemwuliza. La tatu, hatuandiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunalinukuu neno hilo madukani, tukalisahau katika mali iliyo kubwa kuliko ya dukani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Idara yoyote ya falsafa inayotaka kushukia kwetu, karibu, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini na iweke walau kikao kimoja kwa Kiswahili, na mfasiri wa kuwafasiria wageni, ili kwa saa moja wao ndio wanong'onezwe. Mzee au bibi aalikwaye aambiwe mapema jambo litakalozungumzwa, apewe muda wake kama msomaji wa makala, aulizwe maswali bila ya kubembelezwa, na maneno yake yachapishwe kwa jina lake pamoja na ya wengine. Na kitabu kikitoka, nakala ziletwe Kwale na Msambweni, ziwekwe mahali ambapo mtoto wa skuli anaweza kuzishika. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kilipata hati yake mwaka 2013, na vyuo vingine vina matawi huku kwetu. Hawana haja ya kupanda ndege kuja kutusikiliza.

Nasi wenyewe tusingoje barua. Yuko kijana gani wa Ukunda, wa Tiwi, wa Shimoni, asiyekuwa na simu ya kunasia sauti mfukoni? Baada ya alasiri na akae na mzee mmoja, au na bibi yake, amwulize swali moja zito, kisha amwulize kwa nini, kisha amwulize tena kwa nini. Aandike katika daftari jina, tarehe na mahali. Walimu wa vyuo na wa skuli wawape wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo. Madaftari ishirini tu yangetosha kuwa mwanzo, na idara itakayokuja Diani baada ya hapo haitakuwa na udhuru wa kusema haikujua la kutuuliza.

Ama mimi, nililipaswa kulifanya ni kumwambia mwenyekiti yule, "Subiri, bwana, mzee huyu ana swali," na kama angekataa, kulisema kwa sauti. Sikufanya hivyo. Nilinyamaza kwa sababu niliona haya mbele ya wasomi, na Maalim aliliona hilo, ijapokuwa hakunilaumu. Kwa hivyo nawaomba ninyi wasomaji, na hasa nyinyi mnaosomesha falsafa katika vyuo vyetu vikuu, mlipokee swali lake kutoka mkononi mwangu, mlijibu au mlipinge, kwa Kiswahili, katika ukurasa huu au popote mtakapokutana: kama haki ni kumpa kila mtu chake, hicho chake kilianzaje kuwa chake?